Kadi Sitini za Kemilembe

Dukani, Bilele
Jumatano, mchana

Kemilembe mwanangu,

Umeme umekatika tangu saa nne, mashine zote zimenyamaza, na wateja wamekwenda kutafuta fotokopi kwingine. Kwa hiyo nimekaa kitako na kalamu. Wewe uko Izigo kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu, hatakuacha upite mlangoni kabla hujala mara mbili na kufungiwa ndizi za kubeba, kana kwamba huko Dodoma watu wanalala njaa. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya begi lako. Isome leo leo. Mimi nitakuwa nyuma ya nyumba nikijifanya napunguza majani ya migomba, kwa sababu sitaki kukaa sebuleni nikikutazama ukinisoma.

Mambo ya sweta, ya kufuli la hosteli, ya kupiga simu kila basi likisimama, mama yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Sina la kuongeza. Nimeshika kalamu kwa sababu ya swali uliloniuliza jana hapa dukani, nikajifanya natafuta wino wa printa. Uliuliza, "Baba, Jumamosi nani atakaa mezani?" Baadaye nikakusikia kwenye simu ukimwuliza wakala wa basi kama tiketi ya kesho inaweza kusogezwa mbele wiki mbili. Wiki mbili, Kemi, na usajili wa chuo unafungwa Jumatatu.

Nitakujibu. Lakini kuna jambo lazima nilitoe moyoni kwanza, maana bila hilo jibu langu halitakuwa na uzito. Nivumilie nikieleza hata unayoyajua. Unanifahamu, nikianza kueleza huwa naanzia mbali.

Mjomba wako wa Kampala alipokuletea lile boksi la kwanza ulikuwa kidato cha pili. Ndani kulikuwa na deki mbili za kadi sitini sitini, zimeshapangwa kwa ajili ya mtu anayeanza, na karatasi ya sheria iliyokunjwa mara nane. Mimi nilipoona neno kadi nikafikiri karata, na karata kwangu ni wanywaji wa rubisi na kelele zao. Nikafoka. Wewe ukazitandaza mezani bila kunibishia. Hapakuwa na kopa wala shupaza. Kulikuwa na chui, mamba, ndege wa moto, mito, radi, kila kadi na picha yake, nguvu yake, na gharama yake pembeni. Ukanieleza kwamba huu ni mchezo ambao mtu anajenga deki yake mwenyewe, kadi moja moja, kwa kubadilishana na wenzake. Nikaguna. Moyoni nilifikiri utachoka baada ya wiki moja.

Hukuchoka. Miaka miwili bahasha zilikuwa zikija na basi la kutoka Mutukula, mpakani, wewe na binamu zako wa Kampala mkibadilishana, unatoa kadi tatu upate moja uliyoihitaji. Ulipomaliza kidato cha nne deki yako ilikuwa imetimia, kadi sitini ulizozichagua kwa akili yako. Ukasikia kuna mashindano ya wachezaji Mwanza, ukaniomba ruhusa, nikakupa. Ukaniomba na kitu kingine kimoja tu, nikuagizie vifuko laini vya plastiki, vile ambavyo mchezaji anatumbukiza kadi ndani na kuitoa akitaka.

Nikakucheka. Mimi Vedasto, mwenye mashine ya lamineshen, inayogandisha plastiki kwa moto, kubwa kuliko zote mtaa huu, niagize plastiki? Nchi nzima inatutania sisi Wahaya kwa kupenda vyeti, na duka langu linaishi kwa utani huo. Ubatizo, kipaimara, ndoa, matokeo ya darasa la saba, yote yamepita kwenye mashine hii. Jirani yetu kule Buhembe aliniletea hadi cheti cha chanjo cha mbwa wake. Kwetu, kitu kikipigwa lamineshen kinakuwa kitu cha maana, hakuna wa kukidharau tena. Na mimi nilikuwa nimeshachoka kusikia watu wakiniuliza binti yako amemaliza shule siku hizi anacheza karata? Nikasema nitawaonyesha.

Ulikuwa Izigo, kwenye kuchuma kahawa za bibi yako. Nikazitoa kadi zako sitini kabatini, nikazileta hapa, nikawasha mashine.

Sasa sikiliza sehemu usiyoijua. Ya kwanza kuingia ilikuwa ile ya ndege wa moto, inayong'aa ukiigeuza. Ilitoka imekunjamana bawa moja, na povu la hewa kifuani. Niliiona. Nilikwenda nayo mpaka dirishani nikaiona vizuri. Na nilikumbuka ulichoniambia wiki moja kabla, "Baba, hizi hazitakiwi kupata moto." Nikajiambia mashine haijapata joto sawasawa. Nikaingiza ya pili, nayo ikawa hivyo hivyo. Kufikia ya kumi nilikuwa najua kabisa ninachokifanya. Lakini Deus alikuwa amekaa hapo mlangoni juu ya pikipiki yake akisubiri abiria, na nilikuwa nimeshamtangazia kwamba leo namfanyia binti yangu jambo kubwa. Ningeizimaje mashine mbele yake? Nikaendelea. Kadi ya kwanza ilikuwa ujinga. Hamsini na tisa zilizofuata zilikuwa kiburi.

Miaka yote hii nimekuambia sikujua. Nilijua, mwanangu. Hilo ndilo nililotaka kulitoa moyoni.

Uliporudi nilikukabidhi mbele ya watu. Zilikuwa zimerundikana, zimenenepa kama mkate, na pembe zake zinachoma vidole. Ulijaribu kuzichanganya, zikateleza zikaanguka sakafuni. Ukaziokota moja moja. Kisha ukasimama ukaniambia, "Asante sana, baba." Hukulia, hukununa. Siku ya safari ukasema tumbo linakuuma, hukwenda Mwanza. Ni mama yako aliyenieleza jioni ile, kwamba kadi inayojulikana hata kwa kuitazama mgongo haikubaliki kwenye mashindano, na kwamba ukijaribu kuibandua unachana picha. Akaniita kwa heshima kama kawaida, "Ta Vedasto, umezizika." Nikamjibu kwa ukali kwamba nilikuwa nakusaidia. Mama yako akaingia jikoni.

Nisamehe, Kemi. Nimelianza neno hili mara nyingi nikageukia habari nyingine. Leo nimeliandika.

Ukaacha mchezo. Miezi minne hukugusa kadi wala hukufungua bahasha. Nyumbani ulikuwa unafanya kazi zako, unaitika vizuri, na mimi nilikuwa naona heri ungenitukana. Ndipo nikakumbuka lile boksi la kwanza la mjomba wako, deki mbili za wanaoanza ambazo mashine yangu haikuzigusa. Nikalichukua kwa siri, nikakaa na karatasi ya sheria na kamusi ya Kiingereza wiki nzima hapa dukani. Jumapili baada ya misa nikakuwekea boksi mbele yako, nikasema, "Nifundishe." Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kulirudisha kabatini ulipolivuta kwako.

Unakumbuka nilivyocheza? Baada ya wiki nzima ya kamusi nilikuwa naamini kwamba mwenye kadi nyingi mkononi ndiye anayeshinda. Nikazikumbatia kadi tisa, sitoi hata moja, huku mamba wako wakinitafuna. Ukaniuliza, "Baba, unasubiri nini?" Nikasema nazitunza. Ukacheka mpaka mama yako akatoka nje kuangalia. Ilikuwa mara yako ya kwanza kucheka tangu siku ya mashine. Nilikuwa tayari kushindwa mwaka mzima kwa ajili ya kicheko hicho, na kweli nilishindwa mwaka mzima.

Nilikuwa mwanafunzi msumbufu, nakiri. Kila nikifungwa nataka kubadilisha deki yote, nitoe hiki niweke kile. Ukanikataza. "Cheza hiyo hiyo mara ishirini, baba. Halafu toa kadi moja, uone." Mara ishirini. Mimi nimezoea mteja anakuja, napiga chapa, anaondoka. Nilinung'unika, lakini nilipofika kama mara ya kumi na tano nikaanza kuziona kadi zangu zilivyo, ipi inanisaidia na ipi nimeipenda kwa picha yake tu. Wewe wakati huo ulikuwa na miaka kumi na saba, na uvumilivu huo sijui uliutoa wapi. Kwangu hukuutoa.

Kuna siku nilikuwa na kadi ambayo Kiingereza chake kilinipiga chenga. Badala ya kuuliza nikaificha chini ya nyingine, nikacheza kama haipo. Ulijua. Ukasubiri mchezo uishe, ukaichomoa, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Niulize tu, baba. Hapa hakuna mtihani." Niliinama nikajifanya nakusanya kadi, ukadhani nina hasira. Ngoja nikueleze ilikuwa nini.

Nilipokuwa na umri wako, baba yangu aliuza ng'ombe wake mmoja nikasomee ufundi wa mashine za ofisi Mwanza. Siku zote nimewaambia wewe na mama yako kwamba nilirudi kwa sababu walimu wa kule walikuwa hovyo. Si kweli. Walimu walikuwa wazuri. Nilikuwa mkubwa kuliko wote darasani, na siku ya tisa mwalimu aliniuliza jina la kipande kidogo tu cha mashine, sikulijua, na kijana mmoja wa nyuma akacheka. Sikuuliza kinaitwaje. Nilifunga sanduku nikarudi Izigo, nikamwambia baba yangu maneno ya uongo, akaniamini. Alikufa akiniamini. Ndiyo maana hadi leo mashine ikiharibika namwita fundi, nakaa pembeni nikijifanya namsimamia. Nilikimbia kwa sababu sikuweza kuvumilia kuonekana naanza. Na miaka thelathini baadaye nikajikuta mbele ya binti yangu, naanza, nafungwa, naulizwa, na dunia haikuanguka. Basi niliinama kwa sababu hiyo.

Siku nyingine nilimtuma fisi wangu akauawa na mtego wako, nikamtuma wa pili kwenye mtego ule ule, nikashika wa tatu. Ukaniwekea kidole juu ya kadi. "Ukiona imeharibika, simama hapo hapo. Bado una zamu nyingine." Nilikaribia sana kukuambia habari ya zile hamsini na tisa. Badala yake nikamtuma fisi wa tatu. Unajua ilivyokwisha.

Sasa nikuambie nilichokiona kwako, maana nikikaa kimya utadhani nimekuandikia toba tupu. Nina fahari na wewe, Kemilembe, na Mhaya akiwa na fahari anaisema.

Ulipoanza kidato cha tano ukajenga deki mpya, upya kabisa, bila kunilaumu hata mara moja. Mwaka uliofuata nikakusindikiza Mwanza kwenye mashindano. Nilikaa nyuma na chupa yangu ya maji nikiwatazama wazazi wengine kwa dharau kidogo, kwa kuwa mimi nilikuwa naelewa kinachoendelea mezani na wao wanasinzia. Ukashinda mechi tatu. Ya nne ukapangwa na msichana mdogo, alionekana ni siku yake ya kwanza, kadi zinamponyoka mikononi. Ulikuwa umeshambana. Zamu moja tu ilibaki ummalize. Na yeye alikuwa na kadi mezani inayoweza kumwokoa, hajui kwamba anaruhusiwa kuitumia wakati huo. Mimi niliiona kutoka nyuma. Wewe uliiona. Ukanyoosha kidole ukamwambia, "Soma hii tena, mstari wa mwisho." Akaisoma, akaitumia, na zamu mbili baadaye akakufunga.

Nilikasirika, sitakuficha. Njiani tulipofika Muleba nikashindwa kujizuia, nikakuuliza umetupa ushindi kwa sababu gani. Ukasema, "Nilitaka kumshinda akicheza, baba. Pale alikuwa hajui tu." Ukageuka ukalala. Mimi sikulala. Nilikuwa nafikiria yule kijana aliyenicheka darasani, na mimi niliyebeba sanduku, na kwamba kama mtu mmoja mle ndani angeninyooshea kidole mstari wa mwisho, pengine ningekuwa fundi. Nikakutazama umelaza kichwa dirishani, mdomo wazi, nikajisemea huyu ni wangu. Sijui neno lingine la kuandika hapa. Ni wangu, na mimi sikumfundisha hilo.

Ukaanzisha meza. Meza yenyewe ni ya plastiki, mguu mmoja tumeutegea kigae, hapa barazani, kila Jumamosi. Deus alikuwa wa kwanza kwa sababu alichoka kutazama bila kuelewa. Akaja Ma Adela wa duka la nyuzi, anayeimba kwaya kwa Walutheri, akasema yeye anataka tu kukaa kivulini, na sasa ndiye mkali kuliko wote. Akaja Anitha wa kidato cha pili, asiyesema kitu. Watu wa mtaani walipoanza kusema nimegeuza duka kuwa kijiwe cha kamari, niliwaita mmoja mmoja wakae wacheze. Wengi walikimbia walipoona kuna kusoma.

Nimekuwa nikikutazama kutoka ndani, nyuma ya kaunta, nikijifanya napanga karatasi. Unavyompa anayeanza deki iliyo tayari, bila kumchosha kwa maneno, ukicheza naye raundi ya kwanza kadi zikiwa wazi mezani ili aone unachofikiri. Unavyomwacha akosee. Unavyokataa kumwachia ashinde kwa huruma. Nilikuwa nafikiri utarithi duka. Kumbe umejijengea la kwako mbele ya langu, na wateja wako wanaondoka na kitu ambacho hakitoki kwenye mashine.

Kwa hiyo naelewa swali lako la jana. Deus hawezi kuwafundisha wengine, ana haraka ya abiria. Ma Adela hana subira, atamla mtu mzima mzima raundi ya kwanza na mtu hatarudi. Anitha bado anatafuta sauti yake, na Jumamosi iliyopita ndiyo kwanza amecheka. Unaogopa meza ikikosa mtu wiki moja, ya pili Anitha hatakuja, na ya tatu nitaweka hapo ndoo za maji. Unafikiri wiki mbili zitatosha kumwandaa mtu.

Usisogeze tiketi. Ukiikosa Jumatatu ya usajili utakuwa umefanya nilichofanya mimi siku ya tisa, ila wewe utakuwa umekifanya kwa ajili ya watu wanaokupenda, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna atakayekukataza. Mimi nakukataza.

Jana sikukujibu kwa sababu niliona aibu kujitaja mwenyewe. Jumatatu jioni ulipokwenda sokoni na mama yako, Anitha alipita hapa. Alikuwa na deki yake mfukoni, akakuulizia, nikasema hupo. Akageuka aondoke. Nikatoka nyuma ya kaunta, nikavuta kiti, nikamwambia kaa, tucheze kadi zikiwa wazi. Tukacheza. Katikati akaweka kadi moja mezani, yenye maneno mengi, akanitazama akisubiri nimwambie inafanya nini. Sikuijua, Kemi. Deus alikuwa mlangoni, pamoja na wateja wawili wa fotokopi wakitazama. Nikamwambia Anitha, "Hii mimi siijui. Ngoja tuisome wote." Tukaisoma neno kwa neno na ile kamusi yangu, kwa sauti, wote wakisikia. Anitha ndiye aliyeielewa kwanza, akanieleza mimi. Alieleza kwa sentensi nne nzima.

Jumamosi saa nne nitafunga kaunta na nitakaa pale nje. Nitafungwa na Ma Adela, hilo sina shaka nalo. Nenda, mwanangu. Mezani kuna mtu.

Nimemaliza na umeme bado haujarudi.

Baba yako,
Vedasto